Kioo cha kushoto kilivyonila dola 45 kabla sijajua ugonjwa uko wapi

Gari yangu ni Corolla ya 1997, ilitoka Japani na usukani wake kuliani kama nyingi tu za hapa Goma, na sisi huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva anakaa upande wa majani na abiria ndiye anakaa katikati ya barabara. Utaona shida yake siku ukifika kwenye peyaji, pale pa kulipia barabara. Mwenye kukata tiketi anasimama kushoto, upande wa abiria, basi kioo cha dirisha chenye kazi nyingi kwenye hii gari si cha kwangu, ni kile cha mlango wa kushoto mbele. Na ndicho hicho kilinikatalia.

Ilikuwa mwezi wa 4, mvua zetu zile zisizopiga hodi. Nampeleka mama mkwe kwenye matanga Kibumba, nimemkalisha mbele kwa heshima, tukafika peyaji nikashusha kioo, nikalipa, nabonyeza swichi kioo kipande juu, kimya. Nabonyeza tena, kinapanda kama vidole viwili halafu kinasimama. Nikainama mbele yake, samahani mama, nikabonyeza ile swichi ya upande wake, pia kimya. Mvua ikaanza palepale kama ilikuwa inangoja. Mama mkwe hakusema neno, akatoa mwavuli wake kwenye mfuko, akaufungua ndani ya gari, tukaenda hivyo mpaka Kibumba, mi nikiendesha nusu ya barabara siioni ju ya mwavuli. Tulipofika ndio akasema, "Mkwe wangu, gari yako ni nzuri, lakini inanyesha ndani." We acha tu.

Kesho yake nikapeleka garaji. Fundi akabonyeza mara mbili, hakufungua kitu, akasema mota imekufa. Mi nikaamini, ju mtu akikwambia neno kwa sauti kubwa huku anapangusa mikono unaona anajua. Nikashuka mtaa wa Birere, nikapata mota ya okazyo, iliyokwisha tumika, dola 35, kazi yake dola 10, kioo kikapanda vizuri kabisa, nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, kimya tena, kilekile. Nikarudi kwake akaniambia labda na hii mota ilikuwa mbaya, nitafute ingine. Hapo ndipo nikapata akili. Mota mbili kufa kwa namna moja, kwenye mlango mmoja, ndani ya wiki moja? Hapana bana.

Kinachonichekesha ni kwamba mi kazi yangu ni kufunga solar. Kila siku niko Ndosho au Mugunga nawaeleza wateja kwamba taa yako haijakufa, batri yako haijakufa, ni waya mwembamba na kiungo kibaya vinakula umeme njiani, halafu kwenye gari yangu mwenyewe nimelipa dola 45 bila kutoa hata multimetre, kile kipimo cha umeme, kwenye mfuko.

Basi jumapili nikakaa nayo.

Kwanza vitu vya bure. Kile kibutoni kwenye mlango wa dereva cha kufunga vioo vya abiria, nikaangalia kama mtoto hakukibonyeza, hakikubonyezwa. Fizible, wengine wanaita fyuzi, nzima, na zaidi ya hapo vioo vingine vyote vilikuwa vinafanya kazi kwa hiyo umeme mkubwa ulikuwa unafika. Halafu nikangoja giza, nikawasha taa ya ndani, nikabonyeza swichi huku naiangalia taa. Hii ni dawa ya maskini lakini inasema mengi: taa ikififia sana maana yake mota inapata umeme inasukuma ila kioo kimekwama, taa isipotikisika kabisa maana yake umeme haufiki. Yangu ilifanya katikati, inafifia kidogo sana, kama mtu anayekuitika akiwa bado na usingizi. Hiyo ilinisumbua.

Kufungua mlango si kazi kubwa. Skrubu moja nyuma ya kishikio cha kufungulia, zingine kwenye kile cha kuvutia mlango, halafu garnitire yote, lile ganda la ndani ya mlango, imeshikwa na klipsi za plastiki, unavuta taratibu kuanzia chini. Klipsi za gari ya miaka ile zimekauka, mi nilivunja tatu. Kabla ya kugusa chochote funga kioo na skochi, ule utepe wa gundi, pana juu ya fremu, kishike pande mbili, ju kikianguka ndani ya mlango utalia, na vidole usiviache kwenye ule mkono wa chuma unaopandisha kioo wakati mota imeunganishwa. Ule mkono unakata. Ile nailoni iliyobandikwa ndani usiipasue pia, ndiyo inazuia maji yasiingie kwenye miguu ya abiria, yangu fundi alishaichana na hakuirudisha, sasa nikaelewa ule unyevu wa kapeti umetoka wapi.

Hapa sasa ndio kuna utamu. Nikachomoa plagi ya mota, nikapima kwenye plagi huku mtoto wangu mkubwa anabonyeza: volti 12 na kitu. Safi, si ndio? Mwingine angesimama hapo aseme umeme unafika, mota mbovu. Lakini kupima plagi ikiwa haina mzigo ni kumuuliza mtu kama ana nguvu akiwa amelala. Nikairudisha plagi kwenye mota, nikachomeka sindano mbili za kushonea kwa nyuma yake mpaka ziguse chuma, nikapima pale mota ikiwa inajaribu kufanya kazi. Volti 6.8. Batri palepale inaonyesha 12.3. Kwa hiyo volti tano na nusu zinapotea njiani, kwenye njia ya mita tatu nne!

Zinapotea wapi? Nikavuta waya mrefu kutoka batri. Waya wa multimetre mmoja kwenye plus ya batri, mwingine kwenye sindano inayopokea plus kwa mota, mtoto anabonyeza swichi ya abiria: volti 0.4 tu ndizo zinapotea. Hapo hakuna neno. Nikahamia upande wa masi, njia ya umeme kurudi batri, kutoka sindano ya pili mpaka minus ya batri: 5.1. Aha. Umeme unaenda vizuri, unashindwa kurudi.

Sasa unaweza kusema masi ya mlango mbovu, ongeza waya yaishe. Usifanye hivyo. Kwenye Toyota nyingi za zamani masi ya mota ya abiria haiko kwenye mlango wa abiria. Mota moja inageuzwa kupanda na kushuka kwa kubadilisha plus na minus, sasa ukibonyeza swichi ya abiria, waya mmoja wa mota unapata plus na ule mwingine unarudi, unapita ndani ya swichi kubwa ya mlango wa dereva, ndipo unapata masi. Ndiyo maana swichi kubwa ikichafuka hata swichi ndogo ya abiria inakufa, na wewe unabaki kufungua mlango wa kushoto wakati ugonjwa uko kulia. Fundi yule hakuwa mjinga, alifungua tu mlango usio wenyewe.

Kabla sijahamia kulia nilifanya jaribio moja la mwisho, na nashukuru nililifanya. Waya mbili moja kwa moja kutoka batri mpaka kwenye mota, fizible katikati, nimeshatoa skochi. Kioo kikashuka kwa nguvu, ukigeuza waya kinapanda, kinapanda, kikifika robo ya mwisho kinaanza kulia na kukaza, kinasimama. Nikajaribu mara nne tano mota ikanyamaza kabisa, nikashtuka, nikafikiri nimeiua. Nikaacha, nikanywa chai, baada ya dakika kama kumi ikafufuka yenyewe. Zile mota nyingi zina kinga ndani inayokata ikipata joto, ikipoa inarudisha. Kwa hiyo magonjwa yalikuwa mawili, na moja ndilo lilizaa lingine. Kioo kinakwama kwenye kauchu, ule mpira unaokiongoza, mota inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, umeme mwingi unaunguza vile vyuma vidogo vya swichi, vikiungua mota haipati umeme wa kutosha, inakwama zaidi.

Swichi kubwa ikatoka kwa skrubu chache. Nikaifungua mezani na turnavis, yaani bisibisi, ndogo ya simu. Ndani kuna vijiti vya shaba vinavyocheza kama bembea, na kwenye upande wa kioo cha kushoto ncha zake zilikuwa nyeusi kama sufuria ya makala, zile zingine zinang'aa. Nikasugua na msasa laini sana, kidogo kidogo, nikapangusa na alkoli mpaka pamba ikatoka nyeupe. Nikiwa najisifia, spring moja ndogo kama unywele ikaruka. Hatuna sakafu pale uani, ni changarawe ya volkano tu, nyeusi, na spring nyeusi. Tulitafuta nusu saa. Mtoto akaleta sumaku ya spika iliyokufa, akaiburuta chini, sumaku ikarudi imeota manyoya, ju mchanga wetu wa lava una chuma ndani unashikana na sumaku kama nyuki, sasa badala ya kutafuta spring uani tukaanza kuitafuta kwenye ndevu za sumaku. Ilikuwemo. Nilimpa huyo mtoto pesa ya mandazi bila kuombwa.

Na mchanga huohuo ndio ulikuwa unakaza kioo. Niliingiza mswaki wa zamani ndani ya kauchu inayoongoza kioo, wacha nikwambie, kilichotoka hapo ni tope jeusi lililokauka, ukilisugua kwa vidole linakwaruza kama msasa. Sisi wenye kukaa hapa chini ya Nyiragongo vumbi hili tumelizoea mpaka hatulioni, liko kwenye chakula na kitandani, kwa nini lisiwe kwenye mlango wa gari. Nikaosha na maji ya sabuni, mswaki, kitambaa kimezungushwa kwenye rula, mara tatu, nikaacha ikauke halafu nikapulizia silikoni. Jirani alinishauri niweke mafuta ya injini yaliyotumika, muzee kwa heshima zote hapana, mafuta yanavimbisha kauchu na yanashika vumbi, baada ya mwezi mmoja una tope jipya. Grisi kidogo niliweka, ila kule chini tu kwenye chuma kinachotelezesha kioo, mbali na kauchu. Nikazibua na vitundu vya chini ya mlango vya kutolea maji kwa kijiti, yakatoka maji ya kama nusu kikombe. Nikainua pia ile kauchu yenye mikunjo kati ya mlango na mwili wa gari, ju waya hukatikia humo sana kwenye gari za umri huu, zangu zilikuwa nzima.

Nikarudisha kila kitu, nikapima tena na sindano zangu: 11.7 kwenye mota. Kioo kikapanda mpaka juu kwa mpigo mmoja, na injini haijawashwa.

Ile mota ya kwanza, iliyotangazwa maiti, ilikuwa bado kwenye kofo, nyuma kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti. Niliigusisha kwenye batri, ikazunguka bila kelele yoyote. Nimeiacha humohumo, siku ya mlango mwingine.

Wiki ya juzi nilimpeleka tena mama mkwe Kibumba. Tulipofika peyaji nikashusha kioo, nikalipa, nikapandisha, kikafunga kabisa mpaka juu, nikamwangalia kidogo kwa pembe nione kama ameona. Alikuwa ameona. Mwavuli alikuwa ameushika mapajani, na mkono wake haukutoka kwenye kile kibutoni cha kuufungulia mpaka tukafika.