MX150 mbili, kasi mbili: nilivyojifunza kuisoma kadi ya laptopu

Mama wa bibi harusi alinipigia simu mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. "Mwanangu, video ya sendofu iko wapi? Wageni wa Moshi wanaondoka leo." Video ilikuwa kwenye laptopu yangu, inaandaliwa, imefika asilimia 34, na feni inalia kama mashine ya kusaga.

Laptopu hiyo niliinunua Kariakoo, mtumba wa Ulaya. Nyembamba, bodi ya alumini, unaibeba kama daftari. Pembeni mwa kibodi palikuwa na stika ya NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi za picha, na muuzaji aliigonga kwa kidole: "Bosi, hii ina kadi yake kabisa, MX150." Nikalipa. Mwenzangu ninayegawana naye kazi za harusi alikuwa na dude zito la plastiki, bawaba moja imelegea, lakini kadi ni hiyo hiyo MX150, memori GB 2 kama yangu. Siku ile ya simu tatu nilimpa faili lilelile kwenye diski ya nje. Yake ilimaliza kwa dakika 27. Yangu ilichukua 38.

Nilidhani ni virusi. Nikapiga Windows upya, nikabadilisha draiva, mwisho nikaipeleka kwa fundi akasafisha feni na kupaka pesti mpya. Joto likashuka vizuri tu, dakika zikabaki 38. Fundi akanirudishia mashine na kusema, "Mdogo wangu, haina ugonjwa hii. Ndivyo ilivyozaliwa."

Nilimwona ananikwepa. Kumbe alikuwa amesema kweli tupu.

Nilianza kwa GPU-Z, programu ndogo ya bure inayoonyesha mambo ya kadi. Niliiacha wazi kwenye ukurasa wa vipimo huku video inaandaliwa. Pale kuna mstari unaoitwa PerfCap Reason, yaani kinachoizuia kadi kukimbia zaidi. Kama ni joto huandika Thrm. Yangu iliandika Pwr mwanzo hadi mwisho. Kadi ilikuwa imefika dari ya umeme iliyopangiwa, basi hata ungeiweka kwenye friji isingeongeza mwendo.

Dari hiyo ndiyo iliyonifungua macho. MX150 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na viini 384, yaani vile vipande vidogo vinavyofanya hesabu ndani ya kadi, na ilitengenezwa kwa namna mbili: moja ya wati 25 kwa laptopu zenye nafasi ya kupoza, nyingine ya wati 10 kwa zile nyembamba. Ya wati 25 ina kasi ya msingi ya megahezi 1468 na hupanda hadi 1532. Ya wati 10 huanzia 937, ikipanda sana ni 1038. Viini ni vilevile na jina ni lilelile. Ukitaka kujua uliyonayo ni ipi, fungua Device Manager, ingia Display adapters, bofya kadi, kisha Properties, Details, na uchague Hardware Ids. Utaona mstari mrefu unaoanza na PCI. VEN_10DE ni NVIDIA. Baada yake ndipo penye siri: DEV_1D10 ni ya wati 25, DEV_1D12 ni ya wati 10. Nilisoma yangu mara mbili. 1D12. Nikampigia mwenzangu asome yake, nikamsikia anatamka taratibu: "Moja, D, moja... sifuri."

Kusema kweli sikumlaumu muuzaji. Mwili ule mwembamba usingeweza kubeba joto la wati 25, na nilikuwa nimeupenda kwa wembamba wake. Kosa langu lilikuwa kununua jina.

Baada ya hapo nilikaa wiki kadhaa nikijifunza kusoma sifa za kadi, na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni hesabu moja ya darasa la sita. Watu wengi huuliza memori ni GB ngapi wakaishia hapo. Mimi sasa nauliza pia upana wa njia ya memori, kwa biti. Gawa kwa 8 upate baiti, zidisha kwa kasi ya memori (gigabiti kwa sekunde). MX150 ina njia ya biti 64: ukigawa ni 8, ukizidisha kwa 6 unapata GB 48 kwa sekunde. Yangu, memori yake nayo ilipunguzwa hadi 5, inapata 40. RTX 3060 ya laptopu, kadi nyingine ya NVIDIA yenye nguvu zaidi, ina biti 192: ukigawa ni 24, mara 14 ni GB 336 kwa sekunde. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini picha za 4K zilikuwa zinakwama kwenye mashine yangu hata kabla sijaongeza rangi. Maji yapo kwenye tangi, bomba ndilo jembamba.

Idadi ya viini nayo ina mtego wake. RTX 3060 ya laptopu ina viini 3840, ya kompyuta ya mezani ina 3584. Mtu akiangalia hapo tu ataapa kwamba ya laptopu ni kali zaidi. Ya mezani inaruhusiwa wati 170 na ina memori GB 12. Ya laptopu ina GB 6, na mtengenezaji wa laptopu huipangia kati ya wati 60 na 115. Viini vingi vyenye njaa hupitwa na vichache vilivyoshiba. Ndiyo maana video za majaribio mtandaoni siziamini mpaka nijue wamepima ya mezani au ya laptopu.

Jambo la mwisho lilinichekesha, nikacheka peke yangu chumbani. MX150 haina kabisa kile kifaa cha NVENC cha kufungasha video (kuibana iwe faili la kutazama), kilichomo kwenye kadi nyingi za NVIDIA. Kwa hiyo kadi yangu, na ya mwenzangu pia, zilikuwa zinafanya rangi na madoido tu. Faili la mwisho lilikuwa linafungashwa na kadi ndogo ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Stika nzima ile pembeni ya kibodi!

Nilirudi Kariakoo na GPU-Z kwenye flashi, pamoja na swali moja: kadi imepangiwa wati ngapi? Duka la kwanza walikuwa na RTX 3060, nyembamba, inavutia. "3060 ni 3060, bosi," kijana akasema. Nikamwomba aichomeke kwenye umeme, nikafungua NVIDIA Control Panel, nikaingia System Information. Wati 80. Duka la tatu nikakuta nyingine ya 3060, nene, chaja yake peke yake kama tofali la kuchoma. Wati 130, zikihesabiwa na zile 15 ambazo kadi huazima kwa prosesa pale prosesa inapopumzika. Mimi nafanyia kazi mezani, sitembei nayo. Nikachukua tofali.

Faili lile la sendofu nililitunza makusudi. Kwa mashine mpya lilimaliza kwa dakika saba na sekunde kadhaa. Ukichomoa chaja hadithi inabadilika, kwa kuwa betri haiwezi kuilisha kadi wati zote hizo; umeme ukikatika nahifadhi kazi na kwenda kunywa chai.

Halafu mwezi uliopita tukanunua kamera mpya inayorekodi HEVC ya biti 10, rangi 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi zaidi ya kawaida. Nikaweka faili kwenye taimulaini, picha ikawa inarukaruka kama ile laptopu ya zamani. Nikafungua Task Manager: kadi imelala, prosesa iko asilimia 100. Kumbe kadi za kizazi cha 3060 hazifungui aina hiyo ya video, na prosesa yangu ni Ryzen ya kampuni ya AMD, nayo haifungui. Intel za kizazi cha 11 zinaifungua bila jasho. Kwa hiyo usiku naacha mashine itengeneze nakala nyepesi za kuhariria, na mke wangu, kwa ajili ya kelele za feni, amenihamishia sebuleni.