Baiti 88 zilizonisumbua wiki nzima

Seva yetu ilikuwa inakwama, na ushauri nilipewa mwingi. Mmoja alisema niongeze RAM, mwingine nifute lambda zote (vijifunksheni visivyo na jina, vinavyoandikwa papo hapo) nirudi kwenye foreach, kitanzi cha kawaida. Wa tatu ndiye aliyenikera hasa: eti niite GC.Collect, amri ya kumwamsha mzoa taka (sehemu ya .NET inayoondoa kwenye kumbukumbu objekti zisizotumika tena), kila baada ya muda. Seva inakwama kwa sababu mzoa taka kaelemewa, na wewe unamwongezea zamu!

Huduma yenyewe imeandikwa kwa lugha ya C#, inakokotoa nauli za mizigo, na bei za njia zimo kwenye ConcurrentDictionary, kamusi ya ufunguo na thamani inayoweza kutumiwa na nyuzi nyingi kwa pamoja. Nilipoipima kwa BenchmarkDotNet, zana ya kupima kasi na kumbukumbu, mstari huu ukajitokeza:

bei.GetOrAdd(njia, k => Soma(k, ghala))

GetOrAdd hurudisha bei iliyomo; isipokuwepo, huiita lambda iisome kisha huiweka. Baiti 88 mpya za kumbukumbu kila ukipita hapo, hata kama bei imo tayari. Sababu ni huyo ghala. Lambda ikishika kigeu cha nje, yaani ikikitumia ndani yake, kompaila hutengeneza objekti ya kukibeba, baiti 24, kisha delegeti (objekti inayoelekeza kwenye funksheni ya kuitwa) ya baiti 64 kwenye mashine ya biti 64. Lambda isiyoshika kitu huundiwa delegeti mara moja tu, ikatunzwa.

Nikaweka TryGetValue juu, inayotafuta tu bila kuongeza: bei ikipatikana, metodi inarudi kabla ya kuifikia lambda. Nikapima nikiwa na uhakika kabisa. Baiti 24! Lambda haijafikiwa, baiti zinatoka wapi? Nikafungua msimbo unaozalishwa na kompaila, mstari kwa mstari, na hapo nikakikamata: ghala ni parameta, kwa hiyo kibebeo chake huundwa metodi inapoanza tu, kabla hata ya TryGetValue yangu. Ukiihamishia lambda kwenye metodi ya pembeni, kibebeo nacho kinahama. Hila hiyo naitumia hadi leo pasipo na njia nyingine.

Hapa njia ilikuwepo. GetOrAdd ina umbo jingine linalopokea hoja ya ziada:

bei.GetOrAdd(njia, static (k, g) => Soma(k, g), ghala)

Sifuri. Neno static kwenye lambda lilikuja na C# 9 mwaka 2020. Lenyewe halipunguzi baiti hata moja, lakini kesho mwenzako akijaribu kushika kigeu cha nje, kompaila inamkatalia. Na ukiandika Soma peke yake bila mshale, angalia toleo: kabla ya C# 11 delegeti mpya iliundwa kila mara.

Lambda nyingine sikuzigusa. Zinazopita mara moja programu inapowaka hazina kosa lolote.