Saa nne ya nani?

Jumapili, jioni

"Tukutane kesho saa 4:00." Ujumbe mfupi kama huu unatosha kuharibu siku ya kazi ya watu kumi. Fundi wa Dar es Salaam anausoma kama anavyosema nyumbani: saa nne, jua limeshapanda. Mhandisi mgeni anaiona ile 4:00, anajua hakuna anayeitisha kikao alfajiri, basi anaweka 16:00 kwenye kalenda yake, yaani saa kumi jioni ya kwetu. Mmoja atasubiri weee mpaka akate tamaa, mwingine atakuta viti vitupu. Kinachouma ni kwamba kila mmoja amesoma sawasawa kwa hesabu yake, na jioni kila mmoja anaondoka na hukumu juu ya tabia ya mwenzake.

Nimekuwa nikilifikiria hili wiki nzima, kwa sababu mafunzo ya mawasiliano kazini huanza na Kiingereza: watu wafundishwe, wazungumze bila woga. Sipingi. Ila naona hitilafu nyingi zimekaa kwenye maneno madogo ambayo kila mtu anadhani yako wazi. Saa. Ndiyo. Nzuri. Pole. Bado. Ukiyatafsiri neno kwa neno unapata jibu sahihi la kamusi na maana iliyopotea.

Saa kwanza. Tofauti ni saa 6, siku zote, kwa kuwa Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Waganda wanahesabu hivyohivyo kwa Kiganda, na Waethiopia kwa Kiamhari, kwa hiyo kikao cha Kampala, Addis Ababa na Tanga kinaweza kupangwa kwa mdomo bila tabu. Shida huanza kwenye maandishi, maana simu inaandika 10:00 na mkono unaandika saa 4. Wengi wanaamini neno "asubuhi" au "usiku" linamaliza utata. Halimalizi. "Saa 8 usiku" kwetu ni 2:00, watu wamelala fofofo. Mgeni aliyejifunza kwamba "usiku" ni usiku na nane ni nane ataelewa 20:00. Hiyo ikiwa ni saa ya kumpa mgonjwa dozi au ya kuzima jenereta, kosa si dogo. Dawa yake ni kuandika hesabu zote mbili kila mara: saa 8 usiku (2:00). Inachukua sekunde tatu.

Siku nayo ina mtego. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya magharibi. Kijana aliyekulia bara akipangiwa zamu kwa maneno hayo anakuja siku ya pili yake, na msimamizi anamwona mtoro. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa", kisha weka tarehe, na mwezi kwa jina lake. Tarehe 3/4 kwetu ni tatu Aprili. Kwa Mmarekani ni nne Machi. Kwa wanaofanya kazi na ofisi za nje: Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja, Muscat wako mbele kwa saa moja, na huko Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Ombi la dharura la Ijumaa asubuhi halitajibiwa, na si dharau.

Lakini neno linalonitisha zaidi ni "ndiyo". Msimamizi anauliza: "Hujazima swichi kuu?" Fundi anajibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili amesema ndiyo, ni kweli usemavyo, sijazima. Anayefikiri kwa Kiingereza amesikia kwamba imezimwa, na anapeleka mkono kwenye waya. Hapa hakuna mzembe wala mjinga. Kosa ni la swali. Mahali penye umeme, mvuke, dawa au mzigo unaoning'inia, swali la kukanusha lipigwe marufuku kabisa. Uliza hali ya kitu: "Swichi kuu ikoje sasa?" Jibu nalo liwe na kitu chenyewe ndani yake: "Swichi kuu imezimwa."

Kisha kuna adabu. Kwetu salamu hutangulia, na jibu la salamu ni zuri hata kama nyumba inaungua. "Habari za kazi?" "Nzuri tu, ila pampu ya pili imesimama." Aliyezaliwa nayo lugha anasubiri "ila". Mgeni mwenye haraka anasikia "nzuri" na ameshageuka. Nikiwa mkweli, lawama hapa naigawa: mgeni ajifunze kusubiri pumzi moja baada ya "nzuri", nasi tujifunze kuitanguliza "ila" pale ambapo kuna hatari. Ndege ya Avianca iliyotoka Kolombia kwenda New York tarehe 25 Januari 1990 ilizungushwa angani zaidi ya saa moja ikisubiri kutua. Marubani waliomba wapewe kipaumbele, walisema mafuta yanawaishia, lakini hawakutangaza dharura, na waongozaji wa ndege hawakuona kwamba hali imefika huko. Mafuta yakaisha. Watu 73 kati ya 158 walikufa. Ombi la upole lilikuwa na habari yote ndani yake, isipokuwa lile neno moja ambalo waongozaji wangelichukulia hatua mara moja.

"Pole" nitaigusa kwa ufupi. Mtu akiumia karakana nzima husema pole, na kwenye Kiingereza cha kwetu inageuka "sorry". Meneja kutoka Uingereza anaweza kusikia mtu anakiri kosa. Ripoti ya ajali iandike nani alifanya nini. Pole ibaki kwenye mazungumzo, ndiko mahali pake.

Njia ya kupitisha ujumbe inastahili uangalifu uleule. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa taarifa, ni baya kwa maagizo: agizo lililoandikwa kwa watu arobaini halina mwenyewe, na dole gumba linaonyesha tu kwamba ujumbe umefunguliwa. Ujumbe wa sauti wa dakika nne hausikilizwi kwenye kelele za mashine. Agizo linalobadili kazi ya leo lisemwe kwa mdomo kwa mtu mmoja anayetajwa jina, halafu liandikwe: nani, afanye nini, wapi, kabla ya saa ngapi, akimaliza amwambie nani.

Baada ya hapo, maneno yarudishwe. Marubani wakipewa kibali cha njia ya kurukia hukirudia kwa sauti, na mwongozaji husikiliza kama kimerudi kama kilivyotoka. Kazini kwetu kikwazo ni umri. Msimamizi wa miaka 28 hawezi kumwambia fundi wa miaka 55 "hebu rudia nilichosema". Ni kumfanya mtoto wa shule. "Umeelewa?" nayo haifai, jibu lake litakuwa ndiyo hata kama hakuna kilichoeleweka, kwa kuwa kukataa ni kumwaibisha aliyeeleza. Mzigo auchukue anayeuliza: "Mzee wangu, sijui kama nimeeleza vizuri. Tunaanza na lipi?" Mzee ataeleza hatua zote, pengine atasahihisha na kosa lililokuwemo kwenye agizo lenyewe.

Limebaki "bado". Kwenye mazungumzo ni neno la heshima, linafunika hapana ngumu. Kwenye daftari la makabidhiano ya zamu halitoshi, maana "pampu ya pili: bado" inaweza kuwa haijaguswa, imefunguliwa nusu, au imeshafungwa inasubiri kujaribiwa. Liandikwe hivi: "Pampu ya pili: bado chujio, linasubiriwa kutoka stoo, bomba la kuingilia liko wazi, isiwashwe kabla ya saa 1 asubuhi (7:00)."