Nilivyorudi kwenye maji: siku moja ya meli Ha Long

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Hanoi, Vietnam, mwezi wa kumi na moja 2024, furaha imemjaa mpaka sauti inakatika. Alikuwa anamaliza masomo yake, na familia ilikuwa imechanga ili mimi, dada mkubwa, niende kusimama kwa niaba ya wote siku ya kupewa diploma. "Yaya," akasema, "nimekulipia na siku moja ya meli kule Ha Long. Visiwa vya mawe, mapango, chakula kinaliwa humo humo ndani ya meli. Utaniambia!" Nikamshukuru. Simu ilipokatika nilibaki kwenye kiti, nikashindwa hata kwenda kuzima moto chini ya sufuria.

Yeye alikuwa mbali. Tarehe 3 mwezi wa kumi, siku boti ilipozama Ziwa Kivu, hakuwa Goma, mji wetu wa Kongo ulio kando ya ziwa hilo. Mimi ninaishi Kyeshero, si mbali na soko la Kituku, na asubuhi ile nilikuwa nimeshuka kutafuta maharage ya Minova, mji mwingine wa kando ya ziwa. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo kila gunia na kila mtu alipita ziwani. Ile boti iliyotoka Minova ilikuwa imefika, tuseme hivyo. Watu wa ufukweni walishaanza kuwapungia ndugu zao mkono. Ikalala upande, ikazama mbele ya macho yetu. Mengine niliyoyaona siku ile siyaandiki.

Kilichonitesa baadaye, zaidi hata ya maji yenyewe, kilikuwa hesabu. Kila redio ilikuwa na idadi yake. Boti ilijaa kupita kiasi, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nani alipanda Minova. Mama mmoja aliyekuwa akiniuzia maharage alishinda siku nne pale bandarini akiuliza habari za mdogo wake. Hakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha mtu kwamba huyo ndugu alikuwa ndani. Tangu hapo nikakataa kupanda chochote kinachoelea. Kazi ya Bukavu nikampa mwenzangu.

Visa ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Tangu mwezi wa nane 2023 Vietnam inatoa visa ya intaneti kwa raia wa nchi zote, dola 25 kwa kuingia mara moja, na unaruhusiwa kukaa hadi siku 90. Nilijaza fomu kwa simu. Kadi ya njano ya chanjo niliifunga pamoja na pasipoti, maana ukitoka Kongo hujui ni wapi utaulizwa. Nikavuka mpaka hadi Gisenyi, basi mpaka Kigali, ndege mpaka Doha, na kutoka hapo Hanoi. Sherehe ya diploma ilikuwa nzuri, nililia, tuliituma video nyumbani.

Jioni yake, tukila wali na samaki, nikamwambia ukweli.

"Mdogo wangu, mimi ile meli siwezi."

Alidhani ninaogopa gharama. Nilipomsimulia Kituku, yote, hata yale ambayo sijayaandika hapa, aliweka kijiko chini. "Yaya, nilisoma habari tu. Sikujua ulikuwa pale. Tufute. Pesa si kitu."

Nami ningekubali. Lakini nilimwona vile alivyokuwa akinitazama, na nikawaza ile kazi ya Bukavu niliyompa mwenzangu, na maisha ya mtu wa Goma asiyeweza kuvuka ziwa. Nikamwambia tusifute kwanza, tuulize. Nikampa maswali manne awapigie wenye meli kwa Kivietinamu chake. Meli inaruhusiwa kubeba watu wangapi, na kesho tutakuwa wangapi? Majile, yaani jaketi za kuokolea maisha, yako mangapi na yanakaa wapi? Nani mwenye uwezo wa kusema leo hakuna kuondoka? Na nani anabaki nchi kavu akiwa na majina yetu?

Kwa swali la mwisho yule wa simu alishangaa kidogo, akajibu kwamba majina yanakwenda kwa wakuu wa bandari kabla meli haijafungua kamba, ndiyo maana wanaomba namba za pasipoti. Bila ruhusa ya bandari meli haitoki, na hali ya hewa ikiharibika safari zote zinafutwa. Akaongeza kwamba mwezi wa tisa kimbunga Yagi kilipopiga pwani ile, meli kadhaa za watalii zilizama zikiwa zimefungwa bandarini, bila wageni ndani. Mdogo wangu alisita kunitafsiria hilo. Mimi ndilo lililonipa nguvu. Mtu anayekuambia na mabaya, unaweza kumsikiliza na kwa mazuri.

Kutoka Hanoi mpaka Ha Long ni kama kilomita 160, na kwa barabara ya mwendo kasi tulitumia saa mbili na nusu. Bandari ya Tuan Chau ilikuwa na ukungu mwepesi na baridi ya kuvaa sweta. Mwezi wa kumi na mbili ndivyo ulivyo kule, mvua hakuna, bahari imelala, na vimbunga vyao vimekwisha pita, maana huja zaidi kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Mezani palikuwa na kijana mwenye orodha. Akasoma jina langu vibaya, nikamrekebisha, akaandika upya herufi kwa herufi. Nilisimama pale nikitazama jina langu kwenye ile karatasi mpaka mdogo wangu akanishika kiwiko.

Nilichagua kiti cha karibu na mlango, upande wa nje. Nikaomba jile, nikalivaa, nikakaza kamba zote tatu. Kiongozi wetu alisema kwa upole kwamba ndani ya meli kubwa si lazima, ni lazima tu kwenye mitumbwi. Nikamjibu kwamba nitabaki nalo. Mdogo wangu hakusema neno. Aliinuka, akachukua lake, akalivaa, akarudi kukaa. Saa nzima ya kwanza sikuachia ule ubao wa dirisha.

"Hapa si kama kwetu," akaninong'oneza. "Kivu inapita mita 470 kwenda chini. Hapa sehemu nyingi hazifiki hata 20." Alitaka kunituliza. Lakini ile boti yetu nayo ilizama karibu na ufuko.

Halafu vile visiwa vikaanza kutoka kwenye ukungu, na nikasahau kuhesabu pumzi. Si visiwa kama Idjwi ya Ziwa Kivu, penye mashamba na makanisa na watu. Ni minara ya mawe iliyosimama majini, imesimama wima kabisa, na miti imeshikilia kwenye nyufa pasipo na udongo wa kuonekana. Wenyewe wanahesabu visiwa 1,969 katika ghuba ile, na zaidi ya 900 vimepewa majina. Tulipita Dinh Huong, jiwe lenye umbo la chetezo, ambalo picha yake iko kwenye noti ya dong 200,000. Mdogo wangu akatoa noti mfukoni tukalinganisha. Mbele yake kuna mawe mawili madogo yanayotazamana, jogoo na kuku. Ha Long maana yake ni joka linaloshuka: wazee wao wanasema joka lilitema vito baharini kuwazuia maadui, vito vikawa visiwa.

Habari ya mawe ndiyo iliyonishika zaidi. Sisi wa Goma jiwe letu ni jeusi, ni lava ya volkano. Kuna mitaa ambapo tunatembea juu ya mwamba uliomwagika 2002, na upande wa Kibati uko wa 2021, mwamba mdogo kwa umri kuliko watoto wangu. Kule ni chokaa, iliyojengeka chini ya bahari kwa magamba na mifupa ya viumbe wa majini, miaka zaidi ya milioni 250 iliyopita. Ikainuliwa ikawa nchi kavu, mvua ikaila kidogo kidogo, vikabaki vilima na mashimo. Baadaye barafu za dunia zikayeyuka, bahari ikapanda, ikajaza mabonde. Kwa hiyo kila kisiwa ni kilele cha kilima kilichozama.

Mvua inalaje jiwe? Kiongozi alieleza: maji yanapopita hewani na kwenye udongo yanabeba gesi ya kaboni, yanakuwa na uchachu, na uchachu huo unayeyusha chokaa. Nikashtuka. Gesi hiyo ndiyo mazuku wetu! Ndiyo inayotoka ardhini kimyakimya karibu na Goma, ikalala kwenye mabonde kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikaua mbuzi na wakati mwingine mtoto aliyetumwa kuwatafuta. Nilimwambia mdogo wangu, naye akamtafsiria kiongozi, na yule kijana akataka nimweleze neno mazuku mara mbili.

Ndiyo maana tulipofika pango la Sung Sot niliogopa kwa sababu ambayo wageni wengine hawakuwa nayo. Mtoto wa Goma hufundishwa kutoingia shimoni asubuhi. Lakini pango lile halishuki: unapanda ngazi ubavuni mwa kisiwa, unaingia kwa juu, na upepo nilikuwa nausikia usoni. Nikaingia. Chumba cha kwanza ni kikubwa, na cha pili kinakimeza cha kwanza. Dari lina mashimo ya mviringo kana kwamba mtu aliyachota kwa kijiko, na kutoka juu mawe yananing'inia pale ambapo maji yamedondoka tone kwa tone, yakiacha chokaa kidogo kila tone. Wafaransa walioliona mwaka 1901 waliliita Pango la Mishangao. Nilivua kofia bila kufikiri, kama mtu anayeingia kanisani. Humo ndani, kwa mara ya kwanza siku ile, nilifungua kamba ya juu ya jile.

Kisha ikaja Luon, na hapo ndipo palikuwa pagumu kweli. Meli haipiti. Unashuka kwenye mtumbwi wa mianzi, chini, maji yako usawa wa kiuno chako ukikaa, na unapita chini ya tao la jiwe kuingia kwenye dimbwi lililozungukwa na kuta za mwamba pande zote. Miguu ilikataa. Mwenye kasia alikuwa mama wa umri wangu hivi, amevaa kofia ya majani yenye ncha. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akahamisha watu wawili kutoka mtumbwi wake kwenda mwingine. Hakuna aliyemwambia. Akagusa ubao wa katikati, mahali pa kukaa. Akarudia kukaza kamba niliyoifungua pangoni.

Tulipita chini ya tao. Sauti za meli zikakatika, zikabaki tone na kasia. Ndani, maji ni ya kijani na hayana hata wimbi la kutikisa jani. Mama yule aliacha kupiga kasia, akatuacha tukielea tu, na mimi nikatia mkono majini. Tangu Kituku nilikuwa sijagusa maji ya ziwa wala ya bahari. Yalikuwa baridi na ya chumvi. Nikalia, mdogo wangu akalia, yule mama akatazama upande mwingine mpaka tulipomaliza.

Ti Top ni ngazi zaidi ya 400 kupanda kileleni, mbio kidogo na magoti yanauma. Kisiwa kina jina la mwanaanga wa Kisovieti, German Titov, aliyekifikia mwaka 1962 pamoja na Ho Chi Minh. Ukiwa juu unaona ghuba yote. Kiongozi alituonyesha kwa mkono kulikokuwa na vijiji vya wavuvi waliozaliwa na kuzeeka juu ya maji. Mwaka 2014 serikali iliwahamishia wengi wao nchi kavu, wapate shule na usalama wa dhoruba. Nilitaka kumuuliza yule mama wa kasia kama naye ni wa huko. Muda haukutosha, na jambo hilo bado linanisikitisha.

Nilirudi Goma kabla ya Krismasi. Mwezi uliofuata vita viliingia Goma, mnajua yaliyotupata, sina la kuongeza.

Tarehe 19 mwezi wa saba 2025 mdogo wangu alinipigia usiku. Dhoruba ya ghafla ilikuwa imepindua meli ya watalii mchana katika ghuba ileile, na makumi ya watu walikuwa wamekufa. Wao wana bandari, wana orodha, wana majile. Nilikaa na habari hiyo siku nyingi, na singependa mtu asome haya akadhani nimegundua dawa. Maji ni maji. Lakini kule familia zilikuwa na orodha ya kuulizia ndugu zao. Yule mama wa maharage hakupata hata hilo.

Mwezi wa tisa nilipanda boti ya Bukavu. Nilikuwa na jile langu mwenyewe ndani ya kiloba, na kiti cha karibu na mlango. Karani alikuwa na daftari, lakini alikuwa anaandika jina moja la baba au mama na mbele yake "na watu wake".

"Papa, tuandike kila mtu," nikamwambia. "Pamoja na namba ya simu ya mtu anayebaki."

"Mama, unaona foleni hii?"

"Naiona, Papa. Nipe kalamu nikusaidie."

Alinitazama kidogo, akanipa. Watu hawakukasirika nilivyohofia. Wengine walirudi kusahihisha namba. Wa mwisho alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Nikaandika jina lake, nikamuuliza na la mtoto. Akanitajia mawili, la kanisani na la nyumbani. Nikayaandika yote mawili, tukaondoka.