Upanga wa kilo moja na nusu na ushee

Mwaka 2014 nilikuwa Hamburg. Mchana nachonga vyuma karakana, jioni nakaa na watu sita wenye wazimu mmoja: kuvaa na kubeba silaha kama askari wa Kirumi wa karne ya 4. Si wale wa kwenye filamu wenye panga fupi. Hawa ni wa mwishomwisho, walioachana na gladiusi wakashika spatha, upanga mrefu wa makali pande mbili ambao hapo awali ulikuwa zaidi wa wapanda farasi. Wenzangu walitaka tatu za maonyesho ya kiangazi. Kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyejua kushika tupa, na utafiti nao ukaniangukia.

Mama nilipomweleza kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Umevuka bahari kwenda kufua mapanga, baba? Si yamejaa sokoni Muheza?"

Nilianza na maandishi ya Warumi wenyewe. Vegetius, aliyeandika juu ya jeshi lao, anazitaja panga kubwa "zinazoitwa spatha", basi, anapita. Ile orodha ya vyeo vya dola, Notitia Dignitatum, ilinipendeza zaidi, maana inataja viwanda vya serikali: miji ya Lucca na Reims panga, mji wa Amiens panga na ngao. Dola ina viwanda vyake vya panga, kama UFI ya Ubungo ilivyotufulia sisi majembe na mapanga! Nilikaa na hilo siku nzima nikitabasamu. Ila hakuna anayesema upanga wenyewe ulikuwa na urefu gani.

Vipimo vinatoka matopeni. Huko Jutland, Denmark, kwenye vinamasi kama Illerup na Nydam, watu wa kale walitupa silaha za maadui walioshindwa, sadaka kwa miungu, na baadhi ya panga zilizoibuliwa zina mihuri ya mafundi wa Kirumi. Nydam ilichimbwa kati ya 1859 na 1863 na Conrad Engelhardt, mwalimu wa shule wa Flensburg. Wataalamu wamezigawa spatha makundi mawili makubwa: jembamba waliloliita Straubing-Nydam, na pana, Lauriacum-Hromówka. Tukachagua jembamba. Nikatafuta mchoro mzuri, nikaukuza kwenye mashine ya fotokopi hadi saizi yake halisi, sentimita 75 za bapa, upana nne na nusu. Nikanunua chuma bapa cha milimita sita, kazi ikaanza.

Wa kwanza ulikamilika Aprili, umechovywa mafutani ukiwa wa moto ili uwe mgumu, umenolewa, una kipini cha mti. Niliulaza juu ya mchoro wangu na pembeni hakukuzidi hata unywele. Nikajiona fundi.

Kisha tukaurusha hewani bila kuuachia, kama mtu anayepigana. Unakwenda vizuri, kurudi ndiyo kazi. Ukishaushusha unakuvuta na bega lako, kama ndoo ya maji iliyojaa. Tukaupima: kilo moja na nusu na ushee. Mwenzetu mmoja aliurusha mara kumi akaenda kujikanda kiwiko, nami nikasema kimoyomoyo kwamba hiyo ni mikono ya kompyuta. Lakini usiku wangu mwenyewe ulikuwa na maumivu yake.

Jumamosi iliyofuata nikapanda treni hadi Schleswig, kwenye ngome ya Gottorf, vinakowekwa vitu vingi vilivyochimbwa Nydam. Kuna mashua nzima ya mwaloni pale, zaidi ya mita 20, na watu wote wanasimama kuitazama. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kabati za vioo. Nilikuwa na rula mfukoni, ujinga mtupu, utapima nini nyuma ya kioo? Kwenye bapa la mmojawapo niliona mistari ya mshazari, pale fito za chuma zilipopopotolewa na kufuliwa pamoja, imepangana kama ukili wa mkeka. Uzuri ule haukuwa wa mfuko wetu. Nikaendelea.

Nikachutama. Nikaweka shavu karibu na kioo nikaangalia upanga kutokea nchani, kama seremala anavyokagua ubao uliopinda. Mlinzi akaja kuniuliza kama nimeangusha kitu.

Kwenye kipini chuma kilikuwa kinene. Kadiri kilivyokwenda kikawa kinapungua, polepole, hata karibu na ncha, kwa jicho langu, hakikuwa nusu ya kule kilikoanzia. Kutu imekula yake, sawa, lakini kutu haili kwa mpango namna ile. Mchoro wangu ulikuwa wa uso tu. Unene ulionyeshwa mahali pamoja, katikati, nami nikauchukua mwanzo hadi mwisho.

Na mkono wangu haukunionya, maana mkono wangu umelelewa na panga. Panga la kwetu uzito wake uko kichwani, unaliinua tu, kushuka linashuka lenyewe, pori linalala. Spatha inatakiwa irudi kabla ya mwenzako hajakufikia. Nilikuwa nimefua panga la kufyekea, nikalivisha sura ya Kirumi.

Zile mbili zilizobaki zilikuwa bado hazijachovywa, chuma laini. Tulizikwangua kwa tupa jioni kumi na moja, kwa zamu, mpaka unga wa chuma ukaingia kwenye chai. Milimita sita penye kipini, tatu hivi karibu na ncha. Tulipomaliza tukazipima, vipini vikiwa ndani: hazikufika kilo. Yule mwenye kiwiko akairusha moja mara kumi, akanitazama, akairusha tena mara kumi.

Ule wa kwanza hatukuugusa, ulishakuwa mgumu, tupa inateleza tu. Uko karakana hadi leo. Tunapasulia kuni za tanuri.