Kumchoma Luanda Magere kivulini

Ugumu wa kumwigiza Luanda Magere kwa vikaragosi vya kivuli ni kwamba kwenye kitambaa kila mtu ni kivuli tayari. Shujaa wa hadithi za Wajaluo wa Kano, mwili wake jiwe, mkuki haumwingii, uhai wake uko kivulini. Sasa adui akichoma kivuli, mtoto aliyekaa mbele atajuaje kwamba si mwili uliochomwa? Swali hilo limeninyima usingizi hapa Nyalenda, Kisumu.

Tochi mbili hazisaidii. Ya pili inamulika palepale ya kwanza ilipozibwa, unabaki na vivuli viwili vilivyopauka, hakuna cha kuchomwa wala cha kuogopwa. Dawa nimeipata kwa Waturuki. Vikaragosi vya Karagöz, mchezo wao wa vivuli, hutengenezwa kwa ngozi iliyokwanguliwa mpaka ikapitisha mwanga, kisha ikatiwa rangi. Mimi sina ngozi ya ngamia, ila nina jalada la faili la plastiki na kalamu za wino mzito. Mwili wa Magere sasa ni plastiki ya hudhurungi, mwanga unaupita. Kivuli chake peke yake ndicho manila nyeusi, kimeshikiliwa na spoki niliyopewa na fundi wa baiskeli pale Kibuye. Nikikisogeza karibu na tochi kinakua mpaka kinamfunika mwenyewe. Hapo ndipo mpwa wangu alipoacha kutafuna muwa.

Mandhari yamechorwa kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa kwenye vijiti viwili ndani ya boksi la televisheni. Ukizungusha kimoja, kingine kinaachia, na nchi inapita kutoka ziwani hadi milima ya Nandi. Katikati kuna mpunga wa Ahero. Magere hakuuona mpunga huo, lakini mpwa wangu ameuchora bua kwa bua, basi nimeuacha.

Kazi kubwa imekuwa usiku ule Magere anaumwa. Wembe unakataa mwilini, naye anamwambia mkewe, binti wa Lang'o, yaani Wanandi, adui zake, achanje kivuli. Nimekata mwanya mwembamba kwenye bega la kile kivuli, nikabandika plastiki nyekundu kwa nyuma, na juu yake kifuniko cha manila kinachovutwa kwa uzi. Mwanamke akiondoa wembe, navuta uzi, na wekundu unatoka taratibu ndani ya weusi. Ningependa koroboi, maana mwali wake hutetemesha kingo za kivuli, lakini mama amesema mafuta ya taa na karatasi havikai nyumba moja. Tochi ya simu itatosha.

Huyo mke ndiye anayenisumbua. Husimuliwa kuwa msaliti, yakaishia hapo. Lakini wazee wake ndio waliomtoa aolewe na adui ili apeleleze, na sijasikia msimulizi akisema kama aliulizwa. Mzee jirani alipoona ninavyomtengeneza alinionya.

"Binti yangu, usituharibie hadithi. Yule alijua kazi iliyomleta."

"Alijua, mzee. Ndiyo maana nimempa jicho."

Kweli, ndiye pekee niliyemtoboa jicho. Wengine wote, Magere akiwemo, ni umbo tu. Mzee akaguna, akavuta kiti, akataka kuona anavyotoroka usiku kurudi kwao. Nikazungusha vijiti mbio, mpunga ukapita.

Zimebaki sauti. Mpwa wangu anataka kuwa Magere na mkewe pia. Nimemwachia Magere. Mke nitamsema mimi.