Laptopu iliyochelewa kuadhini

Ramadhani ya 2025 laptopu yangu ilikuwa ikiadhini Magharibi wakati watu washamaliza tende wameingia kwenye uji. Nakaa Wete, Pemba, kazi yangu ya kuchapa naifanyia nyumbani, na programu ya nyakati za sala huwa naiacha wazi mchana kutwa. Kabla ya kusasisha Windows 11 ilikuwa ikienda sambamba na msikiti. Baada yake ikawa inachelewa, kila siku kiasi kile kile, dakika 12 hivi. Bibi akanambia, "Mjukuu wangu, hiyo mashine yako ina saumu ya peke yake."

Kule kuchelewa kwa kiasi kimoja ndiko kulikonipa njia. Saa ya laptopu ilikuwa sawa na ya simu. Kanda ya saa imeandikwa Nairobi, lakini hilo halina neno, Windows ndivyo inavyoiita kanda yetu yote. Jawabu lilikuwa kwenye jua: kila digrii moja ya longitudo ni dakika 4, na baina ya Wete na Nairobi kuna karibu digrii 3. Wete iko mashariki zaidi, kwa hiyo jua hutangulia kuzama kwetu. Mwezi wa Machi, usiku na mchana vinapokaribia kulingana, kuwa kaskazini au kusini hakubadilishi sana. Basi programu ilidhani naishi Nairobi. Nikafungua mipangilio yake, kweli.

Laptopu nyingi hazina GPS, kile kifaa cha kujua mahali kwa satelaiti. Hukisia zilipo kwa kusoma Wi-Fi za jirani, na zikikatazwa hubaki kutazama anwani ya intaneti, ambayo huweza kukuweka mji usiowahi kuukanyaga. Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, ndilo lililoingia kwangu, lina sharti jipya: programu haipewi orodha ya Wi-Fi zilizo karibu mpaka iwe na ruhusa ya kujua mahali. Mimi naliona sharti la haki, maana orodha hiyo yatosha kumfikisha mtu mlangoni kwako.

Fundi mmoja sokoni alitaka apige windo upya, yaani asakinishe Windows yote tena. Sikumpa.

Nikaingia Mipangilio, Faragha na usalama, Mahali. Swichi kuu imewaka, na wengi hapo ndipo wanapoishia. Teremka. Chini yake ipo ya kuruhusu programu, halafu programu za duka la Microsoft, kila moja na swichi yake, halafu chini kabisa swichi moja tu ya zile unazopakua mwenyewe mtandaoni. Yangu ni ya kundi hilo la mwisho, ndiyo maana jina lake halikuwamo kwenye orodha. Swichi hiyo ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, nikaifunga programu na kuifungua tena, ikasoma Wete. Anayetumia kivinjari ana mlango wa pili: kila tovuti huomba ruhusa yake, na alama yake huonekana juu, kando ya anwani.

Kisha nikaenda kwa mama mdogo Makangale, huko huko Pemba, ambako Wi-Fi pekee ilikuwa ya simu yangu mwenyewe. Ruhusa ipo, lakini hakuna cha kusoma, ikarudi Nairobi. Nikaacha kubembelezana nayo. Simu ina GPS, ukiwa Wete ramani yake inakupa namba, na programu inakubali kuandikiwa kwa mkono: -5.06, 39.73. Alama ya kutoa ni ya kusini, ukiisahau utasalia nyakati za Ethiopia. Namba hizo zinatosha hata Makangale, tofauti haifiki dakika. Swichi ya mahali nimeizima tena.